Mihogo ya Manibe na hesabu za Kampala

Julai 1, 2020, watu wa Manibe waliamka wakiwa wakazi wa mjini. Hakuna aliyefunga virago wala kupanda gari. Siku hiyo Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji, moja kati ya majiji kumi mapya ya Uganda, na kaunti ndogo za Ayivu zilizoizunguka manispaa ya zamani, Manibe ikiwa mojawapo, zikaingizwa ndani ya mipaka yake. Mihogo ilibaki ardhini pale pale, mbuzi wakaendelea kufungwa kwa kamba kando ya njia, na mama aliyekuwa shambani kwake hakuona tofauti yoyote kati ya Jumanne na Jumatano.

Kwenye vitabu vya serikali, hata hivyo, jambo kubwa lilikuwa limetokea. Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS) huhesabu kuwa mjini maeneo yaliyotangazwa rasmi kuwa majiji, manispaa na mabaraza ya miji. Jembe la Manibe, lililokuwa likiingia kwenye hesabu ya vijijini, sasa linaingia kwenye hesabu ya mijini. Atakayelinganisha utafiti wa kabla ya 2020 na wa baada yake ataona kilimo cha mijini kimestawi ghafla West Nile, ukanda wa Arua, na huenda akaandika ripoti ndefu yenye picha za mboga kwenye magunia na vijana wabunifu. Kumbe kilichostawi ni mpaka.

Nimeanza na mpaka wa jiji kwa sababu ndio unaoonekana kwenye ramani. Ipo mingine isiyo na nguzo wala bango, na hiyo ndiyo inayoamua tunachosema kuhusu wakulima wa nchi hii: nani aitwe mkulima, shamba moja linaishia wapi, na kulima kuhesabiwe ajira au kusihesabiwe. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya mageuzi tunayotangaziwa katika kilimo cha Uganda tangu 2008 yametokea ndani ya madodoso, na kwamba sera imeanza kuyafuata madodoso hayo hadi mlangoni mwa mkulima.

Chukua hesabu iliyo rahisi kuliko zote: ni kaya ngapi zinalima? Sensa ya Kilimo ya 2008/09, ya kwanza tangu ile ya 1990/91, ilikadiria kaya za kilimo kuwa karibu milioni 3.95. Sensa ya Watu na Makazi ya 2014 ikasema asilimia 80 ya kaya zote, yaani karibu milioni 5.8, zinajishughulisha na kilimo. Ukizisoma namba hizo moja baada ya nyingine, utaamini kwamba katika muda wa miaka mitano au sita kaya za wakulima ziliongezeka kwa karibu nusu. Idadi ya watu wa Uganda katika miaka hiyo ilikuwa ikikua kwa asilimia 3 hivi kwa mwaka, na ukuaji huo peke yake ungeongeza kaya kwa chini ya moja ya tano ya hesabu ya awali. Zilizobaki ni kaya zilizokuwapo siku zote, ila zilihesabiwa kwa kipimo kingine. Sensa ya watu hugonga kila mlango na kuuliza kama kuna yeyote humo anayepanda au kufuga. Sensa ya kilimo hutafuta shamba, na ina vizingiti vyake. Kila moja ina haki kwenye kazi yake. Makosa huanza pale mtu anapochora mstari kutoka nukta moja hadi nyingine na kuuita mwelekeo.

Na shamba ni nini? Kanuni inayotumika duniani ina historia ndefu. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo ya Rome ilisimamia sensa ya kwanza ya kilimo ya dunia mwaka 1930, kisha kazi ikachukuliwa na FAO, na hadi leo kipimo cha msingi ni kitengo kimoja cha uzalishaji kilicho chini ya usimamizi mmoja, bila kujali hati, umbo la kisheria wala ukubwa. Kanuni hiyo ni nzuri kwa kuwa haidai hati. Katiba ya Uganda ya 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi, na sehemu kubwa ya West Nile iko chini ya umiliki wa kimila. Sensa inayodai hati ingekuta nyika tupu.

Neno "usimamizi mmoja" ndilo linaloleta taabu. Miji ya Walugbara, wenyeji wa Arua (nasema mji kwa maana ya boma la ukoo) imepangwa kwa namna ambayo mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeanza kuishi kati yao mwaka 1949, aliieleza kwa kurasa nyingi: mzee, wake zake, wanawe waliooa, kila mke na mashamba yake, yote juu ya ardhi ya ukoo ambayo mzee huigawa bila kuiuza. Leo ardhi ya Ayivu imebanwa zaidi na wake ni wachache zaidi, lakini mpangilio haujafutika. Tuseme karani wa sensa amefika kwenye boma lenye mzee, wana watatu waliooa na mjane wa mwana wa nne. Je, hapo pana shamba moja au matano? Mzee atajibu kwamba ni moja, kwa sababu ardhi ni yake kuisemea. Mjane akiulizwa peke yake atasema analima kwake na ghala lake ni lake. Wastani wa shamba uliotolewa na sensa ya 2008/09, hekta 1.1 kwa nchi nzima, umejengwa juu ya maelfu ya maamuzi ya namna hiyo, na kila uamuzi ulifanywa na kijana aliyesimama juani, akiwa na maboma mengine ya kufikia kabla ya jioni. Ukibadilisha maelekezo ya karani kidogo tu, wastani unashuka bila hata mtu mmoja kupoteza ardhi, na kesho yake gazeti litaandika kwamba mashamba yanamegeka.

Yanamegeka kweli, sisemi hayamegeki. Ninachodai ni kwamba kasi ya kumegeka hatuijui kwa kulinganisha sensa mbili zilizotumia maelekezo mawili. Hata ukubwa wenyewe una shida. Watafiti Calogero Carletto, Sara Savastano na Alberto Zezza walichukua takwimu za Uganda wakalinganisha ukubwa uliotajwa na mkulima na ule uliopimwa kwa GPS. Wenye vishamba vidogo hutaja eneo kubwa kuliko lilivyo; wenye mashamba makubwa hutaja dogo. Waliposahihisha makosa hayo, ile hoja ya zamani kwamba mashamba madogo huzalisha zaidi kwa kila hekta haikudhoofika kama wengi walivyotazamia, ilipata nguvu. Tangu makala yao itoke mwaka 2013, hakuna sababu ya kukubali ekari ya kukisia kwa macho pale penye uwezo wa kuipima.

Mpaka mzito kuliko yote uko kwenye ajira. Oktoba 2013, watakwimu wa kazi kutoka nchi mbalimbali walikutana Geneva katika mkutano wao wa 19 chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), wakapitisha azimio lililogawa upya kazi na ajira. Kabla ya hapo, kwa kanuni za 1982, mtu aliyelima chakula cha nyumbani kwake aliweza kuhesabiwa kuwa na ajira. Kwa azimio jipya, ajira ni kazi inayofanywa kwa ujira au faida tu. Anayelima hasa kwa ajili ya chungu cha familia yake anafanya kazi, azimio linakiri hivyo waziwazi, lakini hana ajira.

Uganda ililitumia azimio hilo katika Utafiti wa Nguvukazi wa 2016/17. Kati ya watu wapatao milioni 15 wa umri wa miaka 14 hadi 64 waliokuwa wakifanya kazi, karibu milioni 9 ndio waliohesabiwa kuwa na ajira. Wengine kama milioni 6 walikuwa wakilima chakula chao wenyewe tu. Ukiwachukua wote wanaofanya kazi, karibu theluthi mbili wako kwenye kilimo. Ukiwachukua wenye ajira peke yao, ni kama mbili ya tano. Namba zote mbili zimetoka kwenye utafiti mmoja na makarani walewale, na zote ni sahihi. Mwanasiasa anayetaka kuomba fedha za pembejeo atataja ya kwanza, na anayetaka kuonyesha uchumi umebadilika sura atataja ya pili.

Sasa ulipeleke swali lenyewe Manibe. Karani anamuuliza mama (wa kubuni, lakini wapo wengi kama yeye): mihogo hii ni hasa ya kuuza au hasa ya kula nyumbani? Mhogo si mahindi yanayovunwa mara moja na kuamuliwa. Unakaa ardhini mwaka mmoja, mwingine miaka miwili, na mwenyewe huung'oa kidogo kidogo. Sehemu inamenywa, inakaushwa, inasagwa na kuchanganywa na unga wa mtama au ulezi, inasongwa enyasa, ugali wa jioni. Sehemu nyingine, ikiwa imekauka, inatiwa gunia na kupelekwa sokoni Arua, na kutoka hapo haishangazi ikivuka kwenda Kongo kupitia Vurra au ikipanda barabara ya Koboko hadi Oraba na kuingia Sudan Kusini. Ni kiasi gani kitakwenda upande upi? Inategemea kama mtoto atarudishwa nyumbani kwa ada, kama mgonjwa atalala hospitali, kama bei ya soko la Ariwara, ng'ambo ya Kongo, imepanda. Siku ya kupanda, mama huyu hana nia ya kuuza wala nia ya kutouza, ana shamba. Jibu lake la kweli ni "itategemea", na kwenye kishikwambi cha karani hakuna kitufe cha namna hiyo.

Kwa hiyo karani anabonyeza kimojawapo. Kwa kubonyeza huko mama anaingia kwenye wale milioni 9 au wale milioni 6.

Kanuni nyingine inazidisha kiroja. Utafiti wa nguvukazi huuliza kuhusu siku 7 zilizopita, na saa moja tu ya kazi ya ujira au faida inatosha kumhesabia mtu ajira. Aliyeketi na nyanya zake kando ya barabara kwa saa moja wiki hiyo ana ajira. Jirani yake aliyepalilia mihogo ya nyumbani saa 30 wiki hiyohiyo hana. Na wiki yenyewe ni ipi? Januari, jua likiwa limekausha kila kitu, shamba la Ayivu halidai mengi. Agosti linadai kila mkono uliopo nyumbani. West Nile ina majira yake, mvua ikianza Aprili na kuendelea hadi Novemba, ilhali misimu miwili ya kitaifa inayotumika kwenye tafiti za kilimo imekatwa kati ya Juni na Julai, kwa mazoea ya kusini zaidi. Mhogo unavuka misimu yote miwili bila kujali.

Mfano wa tumbaku ni bora kuliko wangu wote. Kwa miongo mingi kampuni ya BAT ilinunua tumbaku kwa wakulima wa West Nile, na Arua na Koboko zilijaa matanuru ya kukaushia majani. Tumbaku hailiwi. Kila aliyeilima alizalisha kwa ajili ya soko, hata kama deni la pembejeo lilikula malipo yote na miti ya kijiji ikaishia kwenye tanuru. Kampuni ilipojiondoa kwenye ununuzi wa majani katika muongo wa 2010, wengi walirudisha mashamba kwenye mihogo na maharage. Kwa kanuni ya sasa, mkulima aliyefanya hivyo alipoteza ajira, ingawa ardhi ni ileile, mikono ni ileile, na pengine sasa analala ameshiba. Sitetei soko lililomkimbia. Nasema tu kwamba hesabu inayoona hasara ya ajira bila kuona chungu kilichojaa imeona kwa jicho moja.

Wapo wanaodai kwamba azimio la Geneva ni hila ya kuwapunguza wakulima kwenye vitabu. Sikubaliani nao. Hesabu ya zamani ilimpa kila mtu ajira. Ukosefu wa ajira ulionekana mdogo mno katika nchi ambayo vijana wake wanazunguka na vyeti, na hakuna waziri aliyesumbuka. Zaidi ya hapo, azimio jipya lilifungua mlango wa kuhesabu kuwa kazi mambo ambayo wanawake wa Manibe huyafanya kila siku bila kuandikwa popote: kuteka maji, kutafuta kuni, kulea, kuuguza. Hilo ni jema kubwa. Ubaya uko kwenye kuunganisha mfululizo wa zamani na mpya kana kwamba ni kitu kimoja, na kwenye kusahau kwamba vitabu vingine vya serikali havikufuata kanuni hiyo.

Hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wachumi wetu huipita haraka. Pato la taifa linahesabu mihogo inayoliwa nyumbani. Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa zinadai hivyo, na Uganda inazifuata: chakula ulichokizalisha ukakila ni sehemu ya uzalishaji. Lakini saa zilizokizalisha, kwa azimio la 2013, haziko kwenye ajira. Mavuno yako kitabu kimoja, mvunaji hayumo kwenye kingine. Tuchukulie kilimo kinachangia robo ya pato la taifa, jambo lisilo mbali na ukweli. Ukiigawa robo hiyo kwa asilimia 65 ya wafanyakazi, na robo tatu zilizobaki kwa asilimia 35, mtu aliye nje ya kilimo anazalisha zaidi ya mara tano ya mkulima. Ukitumia asilimia 40 ya wenye ajira, pengo linashuka hadi mara mbili. Jembe halijabadilika, mbegu hazijabadilika, na mkulima ameongeza tija kwa zaidi ya maradufu kwa kalamu. Nimewahi kusoma mapendekezo ya miradi yaliyojengwa juu ya pengo la kwanza, mengine juu ya la pili, na yote yakiitwa ushahidi.

Lipo na pengo la tatu, la saa. Mtafiti Ellen McCullough alitumia takwimu za Ethiopia, Malawi, Tanzania na Uganda kuonyesha kwamba mkulima huonekana mzembe kwa mwaka kwa sababu analima saa chache, si kwa sababu saa yake ina thamani ndogo sana. Ukipima kwa saa, pengo kati ya kilimo na shughuli nyingine hupungua sana. Maana yake kwa Manibe ni nzito: shida ya mkulima ni kukosa cha kufanya kati ya Desemba na Machi kuliko kutojua kulima. Hiyo ni sera tofauti kabisa. Inataka umwagiliaji, usindikaji, na barabara za kufikia kazi nyingine, kabla ya semina za kubadilisha fikra.

Lakini saa zenyewe tunazijua? Mkoa wa Mara, Tanzania, mwaka 2014, watafiti waliwagawa wakulima makundi. Wengine walitembelewa au kupigiwa simu kila wiki msimu mzima, wengine waliulizwa mwishoni, kama tafiti zetu zinavyofanya. Walioulizwa mwishoni walitaja saa hadi mara nne ya wale wa kila wiki, kwa kila mtu kwa kila shamba. Wakati huohuo walisahau baadhi ya vishamba na baadhi ya watu waliovilima, hivyo makosa mawili yakakutana njiani na kufutana kwa kiasi fulani kwenye jumla. Waliosahaulika ni wa aina gani si vigumu kukisia: wanaosaidia siku mbili tatu, kwenye vishamba vya pembeni.

Kuhusu wanawake, imezoeleka kwenye makongamano kusema kwamba wanafanya asilimia 80 ya kazi ya kilimo Afrika. Amparo Palacios-López na wenzake walipozijumlisha saa kutoka tafiti za nchi sita walipata asilimia 40, Uganda ikiwa juu kuliko zote kwa asilimia 56. Asilimia 56 ni nyingi vya kutosha. Haihitaji kutiwa chumvi. Namba ya 80 imeishi muda mrefu kwa sababu inapendeza wafadhili, na wanawake hawakupata chochote kutokana nayo.

Kisha kuna kazi ambayo haina shamba. West Nile nzima huiita leja leja: unakwenda kwenye shamba la mwenye nafasi, unapimiwa eneo, unalima, unalipwa fedha au unga jioni hiyo. Wakimbizi wa makambi ya Rhino Camp, Imvepi, Bidi Bidi na Lobule huko Koboko wanaitegemea sana, kwani kiwanja walichopewa wengi ni cha mita 30 kwa 30, nyumba na bustani humohumo, chini ya robo ekari. Wenyeji nao wanaifanya, kimyakimya, miezi ya njaa. Mtu aliyelima leja leja siku mbili na shamba lake siku tatu ana hadhi gani? Kwa kanuni ni mwajiriwa, maana ujira upo. Akiulizwa kwa mdomo atajitambulisha kuwa mkulima, na karani aliyechoka hatachimba zaidi. Tafiti za kawaida za kaya kwa muda mrefu hazikuwafikia wakimbizi makambini. Ilibidi utafiti maalumu wa wakimbizi na wenyeji ufanyike mwaka 2018 ndipo waonekane kidogo. Soko la vibarua la West Nile haliwezi kueleweka kwa nusu moja tu ya watu wake.

Mgawanyo huu wa wanaohesabiwa na wasiohesabiwa si mgeni huku. West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, na serikali ya kikoloni ikaiona kama hazina ya vibarua. Wanaume wa Kilugbara na Kialur walishushwa kusini kukata miwa Kakira na Lugazi na kulima mashamba ya Buganda. Mwanamume akiwa Kakira alikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, ana namba na ujira. Mkewe aliyebaki Ayivu akilisha nyumba nzima, pamoja na ujira mdogo ule ambao usingetosha bila mihogo yake, hakuwa popote. Leo kijana wa Manibe akienda Kinyara, Masindi, kwenye miwa, anahesabiwa ajira Bunyoro, na chakula kilichomkuza kinabaki nje ya hesabu ya ajira ya nyumbani.

Yote haya yangekuwa mabishano ya wataalamu kama yasingefika kwenye fedha. Sensa ya 2014 iliuliza kaya inategemea nini hasa kuishi, na karibu asilimia 69 zikawa za kilimo cha kujikimu. Utafiti wa Kaya wa 2019/20 ukatoa asilimia 39 ya kaya zilizo kwenye uchumi wa kujikimu, sawa na kaya milioni 3.5. Baada ya sensa ya 2024, namba inayotajwa ni 33. Rais Museveni amezirudia namba hizi kwenye hotuba nyingi kama ngazi za kupanda kuingia uchumi wa fedha. Kutoka 69 hadi 39 ndani ya miaka mitano au sita, kwa jembe la mkono, bila ardhi mpya na huku korona ikiwa imefunga masoko mwishoni! Sijui nchi iliyowahi kufanya hivyo. Swali la 2014 na kipimo cha 2019/20 si kitu kimoja. Sehemu ya mteremko huo bila shaka ni ya kweli. Barabara ya lami ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba imeleta wanunuzi, simu zimeleta fedha. Lakini anayedai kujua ni sehemu gani, bila kuurudia mwaka 2014 kwa kipimo cha 2019/20, anabahatisha.

Juu ya asilimia 39 hiyo ndipo uliposimamishwa Mpango wa Maendeleo wa Parishi, PDM, uliozinduliwa Kibuku Februari 26, 2022. Mwanzoni zilihesabiwa parishi 10,594, zikapangiwa shilingi milioni 100 kila moja kwa mwaka, ziwe na watu wengi au wachache, na kila kaya iliyokubaliwa inakopeshwa shilingi milioni 1 kupitia SACCO ya parishi. Mstari uliochorwa na karani kati ya kuuza na kula umegeuka kuwa foleni. Na mpango una nguzo yake ya taarifa, inayotaka kaya zote za parishi ziandikishwe, jambo ambalo kwa takwimu ni neema isiyo ya kawaida. Kati ya sensa na sensa Manibe haina namba yake yenyewe. Tafiti za kitaifa huishia kwenye ukanda wa West Nile, unaochanganya kahawa ya Zombo, mihogo ya Ayivu na uwanda wa Adjumani, kisha hutoa wastani ambao hauwahusu watu wa upande wowote. Daftari la parishi lingeziba pengo hilo.

Halitaliziba likiandikwa namna hii. Mkuu wa parishi anayeuliza "unauza au unakula tu?" huku kila mtu akijua kwamba mkopo ni wa wanaokula tu, ameshapata jibu kabla hajafungua mdomo. Na baada ya miaka mitatu, atakapouliza tena ili kuonyesha kwamba mpango umefaulu, jibu litageuka upande wa pili kwa wepesi uleule. Sheria ya UBOS ya 1998 inalinda siri ya majibu ya mhojiwa, na ulinzi huo ndio unaompa karani nafasi ya kuambiwa ukweli. Daftari la mkopo halina nafasi hiyo kwa asili yake.

Ningekuwa na sauti kwenye dodoso lijalo, ningeliondoa swali la nia. Badala yake: katika miezi 12 iliyopita uling'oa kiasi gani, kiasi gani kiliuzwa, wapi, na fedha zilishikwa na nani. Maswali hayo aulizwe kila mtu mzima wa boma peke yake, mjane asisemewe na mzee. Saa zipimwe kwa simu mara kadhaa kwa mwaka kwenye sampuli ndogo. Watafiti wa mkoa wa Mara walionyesha kwamba inawezekana kwa vijiji vya kawaida kabisa. Kila ripoti ya nguvukazi ichapishe jedwali la kanuni ya zamani kando ya jipya, na Ayivu ya zamani ipewe safu yake ndani ya Jiji la Arua angalau hadi sensa nyingine ya watu, ili aliye Manibe na jembe asichanganywe na muuza vipuri wa Central Division. Daftari la PDM na dodoso la UBOS visibebwe na mtu mmoja wala kwa siku moja. Na duru ya kwanza ifanyike Februari, shule zinapofunguliwa na ada kudaiwa, jua bado linafaa kukaushia, na mihogo mingi zaidi inatoka ardhini kuliko mwezi wowote ambao karani hupenda kusafiri.